Kijana wa jumuiya anataka seminari ya Chicago: aanzie wapi?

KatekistaLurambi (Kakamega)

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya miito ya ng'ambo.

Kuna kijana wa jumuiya yetu, miaka 23. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alipata B. Alikaa seminari kuu mwaka mmoja na nusu akisoma falsafa, akatoka mwenyewe, hakufukuzwa. Baadaye akaingia chuo kikuu kwa mkopo wa HELB, akaacha baada ya mwaka. Sasa anasema wito wake uko Marekani, na mji anaoutaka ni Chicago. Kwenye WhatsApp amempata mtu anayejiita mratibu wa seminari ya huko. Huyo mtu anadai shilingi 45,000 za "usajili na I-20" kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Barua aliyomtumia ina picha ya kanisa na muhuri mwekundu. Wazazi wameshaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Nauliza: seminari za Marekani hupokea vipi kijana wa kutoka huku? Karatasi gani zinatakiwa? Na je, ni lazima aseme kwamba aliwahi kuwa seminari nyingine? Yeye anaona akisema watamkataa.

---

MleziNandiHills

Milele na milele. Mwalimu, ng'ombe asiuzwe.

Kuna kosa moja linalozaa mengine yote: watu hudhani seminari ya Marekani ni kama chuo, unatuma maombi, unapata nafasi, unaenda. Sivyo. Seminari haimpokei mtu aliyekuja peke yake. Anayempokea kijana ni askofu wa jimbo fulani au mkuu wa shirika fulani la kitawa. Huyo ndiye humchagua, humpeleka seminari na kulipa karo, malazi na bima ya afya. Seminari ni nyumba ya malezi na darasa. Kijana akiandikia seminari moja kwa moja, akipata jibu litakuwa la mstari mmoja: wasiliana na mkurugenzi wa miito wa jimbo lako.

Chukua huko huko Chicago. Seminari ya Jimbo Kuu iko Mundelein, mji mdogo kaskazini mwa jiji, na maaskofu wa majimbo mengine pia hupeleka wanafunzi wao hapo. Mtaa wa Hyde Park kuna Catholic Theological Union, iliyoanzishwa mwaka 1968 na mashirika ya kitawa yaliyoamua kusomesha vijana wao pamoja. Darasani mtawa wa shirika hili huketi na wa shirika lile, jioni kila mmoja anarudi kwenye nyumba ya shirika lake. Kwa hiyo "nataka seminari ya Chicago" haijasema kitu. Swali ni: anataka kuwa padre wa nani?

Milango ni mitatu, na kila mmoja unaishia mahali tofauti. Wa kwanza, askofu wa huku ampokee kama mseminari wake kisha siku moja amtume Marekani kusoma. Huyo ni padre wa Kakamega na atarudi Kakamega. Wa pili, askofu wa Marekani ampokee. Hapo lazima wazazi waelewe vizuri: siku ya kupewa ushemasi ndipo anapofungwa na jimbo hilo. Atakuwa padre wa Chicago, atazeekea Chicago, na misa ya kwanza kijijini itakuwa ya likizo. Wa tatu, shirika la kitawa. Huko anatumwa popote shirika linapotaka, na kwa kijana wa umri huu mara nyingi njia fupi ni kuingia shirika hilo likiwa hapa Afrika Mashariki. Wajesuiti, Waspiritani, Wamariani na Shirika la Msalaba Mtakatifu wote wana nyumba huku na wana kazi kubwa Marekani. Wapo pia Wamarekani wenyewe kama Glenmary, wenye makao Cincinnati tangu 1939, ambao wamepokea vijana wa Afrika Mashariki. Lakini hao kazi yao iko vijijini kusini mwa Marekani na kwenye milima ya Appalachia, kaunti ambazo Wakatoliki ni wachache sana. Anayeota majengo marefu ya Chicago atashangaa.

Kuhusu miaka: mwongozo wa malezi unaotumika Marekani sasa ni toleo la sita, lililoanza Agosti 2022. Kuna mwaka mzima wa maandalizi ambao hauna masomo mazito, ni sala, maisha ya pamoja na kujijua. Kisha falsafa isiyopungua miaka 2 kwa mwenye shahada. Asiye na shahada huwekwa chuo cha miaka 4 kwanza. Kisha teolojia miaka 4. Juu yake kuna angalau miezi 6 ya kukaa parokiani kama shemasi. Kwa kijana wako, ambaye hana shahada, hesabu miaka 9 hivi. Ile falsafa ya mwaka mmoja na nusu inaweza kuhesabiwa kwa sehemu kama nakala za alama zitakubaliwa. Kabla ya teolojia wanataka krediti 30 za falsafa na 12 za masomo ya dini.

Sasa lile la kuficha. Asijaribu. Kanuni ya 241 ya Sheria ya Kanisa inadai ushuhuda wa mkuu wa nyumba aliyotoka mtu, na uelezwe alitoka kwa nini. Baada ya kashfa za mapadre kudhulumu watoto miaka ya nyuma, Wamarekani wamekaza hapo kuliko sisi. Fomu ya maombi huuliza kila seminari na kila shirika ulilowahi hata kuliomba, na mkurugenzi wa miito huandika mwenyewe kwa gombera, yaani mkuu, wa kila moja. Aliyefukuzwa hasikilizwi kabla ya miaka 2 kupita. Aliyetoka kwa hiari hana marufuku hiyo, ila watachukua muda wao kumchunguza. Kwa hiyo kutoka kwake si kizuizi. Kuficha ndiko kizuizi, na kukigundulika hata mwaka wa mwisho wa teolojia anarudi nyumbani.

Aende kwa gombera wake wa zamani, kwa miguu yake, aombe barua. Asiitegemee ile ya "alikuwa kijana mwema". Inayofaa inataja tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, nani aliamua, sababu, na kama wangempokea tena. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wanaoisoma kwanza.

---

MotoWaKisumu

Padre au Bruda hapo juu amemaliza upande wa Kanisa. Mimi niseme upande wa visa, maana matapeli wanaishi hapo.

Mpangilio wa F-1, visa ya mwanafunzi, hauna njia ya mkato. Kwanza upokewe na jimbo au shirika. Kisha seminari yenye kibali cha serikali ya Marekani cha kupokea wageni itoe fomu I-20, ya kuthibitisha kwamba imekupokea kama mwanafunzi. Juu ya I-20 kuna namba inayoanza na herufi N. Ukiwa na namba hiyo ndipo wewe mwenyewe unalipa ada ya SEVIS, daftari lao la wanafunzi wa kigeni, dola 350, kwenye tovuti ya serikali yao. Baada yake unajaza DS-160, fomu ya kuomba visa, unalipa ada ya visa, dola 185, na unapangiwa mahojiano ubalozini Gigiri. Sasa angalia "mratibu" wa WhatsApp: anataka pesa ya I-20 kabla hujahojiwa na mtu yeyote, kabla namba ya N haijakuwepo. Ada ya SEVIS haipiti kwa mratibu wala kwa M-Pesa ya mtu. Basi mwizi amejulikana. Na hakuna jimbo wala shirika linalouza nafasi ya wito.

Kuna mtego mwingine ambao si wa matapeli. Afisa wa visa ya F-1 kisheria anaanza na dhana kwamba unataka kuhamia kwao, na kazi yako ni kumwonyesha utarudi. Kijana aliyepokewa na askofu wa Marekani akiulizwa "ukimaliza utarudi Kenya?" jibu la kweli ni gumu, kwa sababu anaandaliwa kuwa padre wa huko. Wengi huanguka kwenye swali hilo kwa kubuni uongo papo hapo. Barua ya jimbo iwe wazi kuhusu nani analipa na ni masomo ya miaka mingapi, na kijana ajibu kinacholingana na barua. Wakili wa uhamiaji wa jimbo, na majimbo makubwa huwa naye, ndiye wa kumwandaa.

Watu huuliza kwa nini wasitumie R-1, visa ya wahudumu wa dini. R-1 ni ya mtu anayekwenda kufanya kazi, si ya kusoma. Kanuni zao zinasema masomo au mafunzo ya dini peke yake hayahesabiwi kuwa kazi ya dini. Inamfaa padre aliyekwisha kupadirishwa au sista mwenye nadhiri. Mwenye kumwita ndiye anayewasilisha ombi kule, kwa fomu I-129. Hutolewa hadi miezi 30 mara ya kwanza na jumla haizidi miaka 5. Anayeitwa awe mshiriki wa dhehebu hilo kwa miaka 2 kabla ya ombi, na kazi iwe angalau saa 20 kwa wiki. Maafisa huenda hadi parokiani kuangalia kama kweli kuna ofisi, kuna kitanda, kuna kazi. Ile miaka 2 ni ya kuwa Mkatoliki, si ya kuwa katika shirika lile. Hapo watu hukosea sana.

---

KatekistaLurambi

Asanteni sana. Nimeongea na baba yake, ng'ombe yuko salama kwa sasa. Kijana amekasirika lakini amenyamaza. Swali la dharau kidogo: nitajuaje kama jimbo au shirika ni la kweli? Barua ile ilisema "Catholic" kabisa.

---

MleziNandiHills

Swali zuri, halina dharau. Marekani neno "Catholic" halina mwenyewe kisheria. Kuna vikundi vyenye maaskofu, mitra na fimbo ambavyo haviko katika ushirika na Roma, na vinapadirisha haraka. Kijana anaweza kurudi na picha za upadirisho na askofu wa huku asimruhusu hata kusimama altareni.

Kipimo cha kwanza: kuna kitabu kinachotolewa kila mwaka, Official Catholic Directory, chenye kila jimbo, parokia, seminari na nyumba ya watawa inayotambuliwa. Msamaha wa kodi wa parokia zao unasimama juu ya orodha hiyo, kwa hiyo hawaifanyii mchezo. Asiyekuwemo, shaka. Kipimo cha pili ni rahisi zaidi: mwombe paroko wako apeleke jina hilo kwa kansela wa jimbo. Kansela akiandikia kuria, yaani ofisi kuu ya jimbo, ya Chicago, atajibiwa. "Mratibu" akisikia kuna kansela ndani ya mazungumzo, mara nyingi simu inazimwa.

Halafu anwani ya barua pepe. Ofisi ya miito ya jimbo haitumii anwani ya bure ya mtandaoni.

---

Sista_Mukumu

Kabla mada haijawa ya wavulana peke yao, naomba niseme kwa ajili ya wasichana, maana huku Kakamega na Bungoma wanaandikiwa hata zaidi.

Sheria ya Kanisa ni ile ile kwa mashirika yote: unovisi, kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, hauwi halali kwa aliye chini ya miaka 17 wala kwa aliye ndani ya ndoa, na ni miezi 12 angalau, usizidi miaka 2. Nadhiri za kwanza ni za muda, miaka 3 hadi 6, na zinaweza kuongezwa lakini zisipite 9. Nadhiri za daima hazitolewi kabla ya kutimiza umri wa miaka 21. Mtu akikuahidi nadhiri za daima baada ya mwaka mmoja Marekani, hajui anachokisema au anajua sana.

Marekani kuna mabaraza mawili ya wakuu wa masista, LCWR na CMSWR. Shirika la haki za kipapa linalojitegemea kwa kawaida liko katika moja. Hapo ndipo pa kuuliza kama jumuiya ipo. Yapo mashirika yenye historia inayotugusa: Oblate Sisters of Providence wa Baltimore, waliokusanywa na Mama Mary Lange mwaka 1829, ni shirika la kwanza la masista weusi Marekani. Masista wa Familia Takatifu wa New Orleans, wa Henriette DeLille, ni wa 1842. Wao walianza wakati mashirika mengine yalikataa wasichana weusi mlangoni.

Sasa swali ambalo binti hapewi kuuliza: wako wangapi kwenye unovisi wenu leo, na aliyefunga nadhiri za daima mwisho ni mwaka gani? Nyumba nyingi za masista katika miji ya Marekani zina wazee watupu. Konventi iliyokuwa na masista 40 na shule ya parokia sasa ina 4, na shule imefungwa. Binti wa miaka 20 anaweza kujikuta yeye ndiye kijana pekee wa nyumba nzima, mlezi wake ana miaka 78, na kazi yake ya kwanza ni kuwahudumia wagonjwa. Ni kazi takatifu, lakini aijue kabla ya kupanda ndege. Yapo pia mashirika yenye vijana wengi, kama Wadominika wa Nashville na wale wa Ann Arbor. Hao wanafundisha shuleni, wanavaa mavazi kamili ya kitawa, na ratiba yao ni kali.

Na visa: msichana asiye na nadhiri ni vigumu kumwombea R-1, kwa sababu alizosema MotoWaKisumu. Jumuiya iliyo makini itamwambia hivyo mapema, wala haitamwambia "njoo na visa ya utalii, tutabadilisha huku".

Mimi ningemwambia aanze hapa. Masista wetu wa huku hutumwa Marekani kusoma au kuhudumu hospitalini na parokiani, wakiwa tayari wana nadhiri na mama mkuu anayejua walipo. Huo mkataba huwa kati ya shirika na jimbo la kule; ndani yake huandikwa nani analipa bima, gari ni la nani, likizo ya nyumbani ni lini.

---

Karani_LB

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa karatasi, na karatasi ndizo huangusha watu. Nitataja tu zile zinazosumbua.

Kadi ya ubatizo iliyokunjwa kwenye sanduku la mama haitoshi. Wamarekani wanataka cheti kipya kilichotolewa ndani ya miezi 6, chenye maelezo ya pembeni. Kitabu cha ubatizo kina mistari: namba ya LB (Liber Baptizatorum, yaani kitabu cha waliobatizwa), jina, tarehe ya kuzaliwa, ya kubatizwa, wazazi, msimamizi, na mwisho safu ya maelezo ambapo huandikwa kipaimara, ndoa, daraja au nadhiri. Safu hiyo ikiwa tupu, cheti kinapaswa kusema ni tupu: hakuna ndoa iliyoandikwa. Huo ndio ushahidi kwamba kijana ni huru. Karani akiacha nafasi bila kuandika kitu, cheti kitarudi.

Tatizo la pili ni kipaimara. Mara nyingi kijana alipewa kipaimara shule ya bweni, parokia nyingine, na taarifa haikutumwa kule alikobatizwa. Aende alikopewa, apate cheti, akipeleke parokia ya ubatizo kikaandikwe pembeni, ndipo aombe cheti cha ubatizo. Akibadili mpangilio huo atasafiri mara mbili.

Tatu, majina. Kitabuni ameandikwa Petro Wafula, kitambulisho kinasema Peter Wafula Barasa, KCSE inasema Wafula Peter B., na pasipoti imefuata kitambulisho. Kwa afisa wa Marekani hao ni watu watatu. Asiruhusu mtu akafute kitabuni. Kitabu cha ubatizo hakifutwi, marekebisho yanapita kuria. Njia ya kawaida ni kiapo kwa wakili kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, pamoja na barua ya paroko yenye muhuri inayotaja namba ya LB. Alama za mtihani zipelekwe na KNEC, baraza la mitihani, yenyewe kupitia huduma yake ya kuthibitisha matokeo mtandaoni. Nakala za falsafa zitoke seminari kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mkunjo. Akiifungua aone alama zake, imekufa.

Nne, cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, kinaombwa kupitia eCitizen na kutolewa alama za vidole. Aombe baadaye, si mwanzo, kwa sababu wanataka kipya. Kule kuna uchunguzi wa pili pamoja na mafunzo ya ulinzi wa watoto, ambayo tangu hati ya maaskofu wao ya 2002 yanamhusu kila mtu, hata mpishi wa parokia. Kuna pia mahojiano marefu na mwanasaikolojia. Vijana wetu huogopa hilo wakidhani ni kupimwa wazimu. Anaulizwa kuhusu nyumbani, hasira, pombe, urafiki, upweke. Ajibu kama anavyoongea na mlezi anayemwamini.

Tano ni HELB. Kanuni ya 644 inakataza kumpokea kwenye unovisi mwenye deni asiloweza kulipa, na majimbo ya Marekani nayo huuliza madeni. Kukaa mwaka mmoja chuoni hakukufuta mkopo. Unakua na riba na faini. Apate taarifa ya salio, aanze kulipa hata kidogo kidogo, awe na karatasi ya kuonyesha. Deni linaloonekana likilipwa halimkatazi mtu. La kuficha linamkataza.

Ndoa ya wazazi: wengine huambiwa kwamba aliyezaliwa nje ya ndoa hawezi kuwa padre. Hilo lilikuwa kizuizi katika sheria ya 1917. Ile ya 1983 iliondoa. Baadhi ya ofisi bado huomba cheti cha ndoa cha wazazi, akiwa nacho atoe, akikosa aseme.

---

Nyakach_Dallas

Naongezea ya walei, kwa sababu wanaohamia ni wengi kuliko waseminari. Ukifika mji wowote wa Marekani, kwenda misa kila Jumapili hakukufanyi ujulikane parokiani. Kisheria wewe ni mwanaparokia kwa kuishi ndani ya mipaka, lakini desturi ya huko ni kujaza fomu ofisini au mtandaoni. Bila fomu hiyo, siku ukiomba barua ya kuwa msimamizi wa ubatizo, au punguzo la karo shule ya parokia, utaambiwa hawakujui. Sadaka toa kwa bahasha yenye namba yako au mtandaoni; mwanzoni mwa mwaka wanakupa taarifa ya ulichotoa kwa ajili ya kodi. Ndoa hutaka taarifa ya miezi 6 hivi, na hapo karatasi za Karani_LB zinatakiwa zote, zikipita kuria ya huku na ya kule.

Kabla ya kupanga nyumba karibu na kanisa fulani, hakikisha kanisa hilo bado lina parokia. St. Louis mwaka 2023 ilitangaza kupunguza parokia kutoka 178 hadi 134. Baltimore mwaka uliofuata, parokia 61 za jiji na vitongoji vyake vya karibu zilipangwa kuwa 23. Majengo yalijengwa na Wajerumani, Waairishi na Wapoland, kila kabila kanisa lake, mitaa michache kutoka kwa jirani. Wajukuu wao wamehamia nje ya mji na paa linavuja. Misa ya Kiswahili ikipatikana, mara nyingi iko ndani ya jengo la namna hiyo, saa nane mchana, baada ya misa ya Kihispania.

---

MleziNandiHills

Baltimore umenikumbusha kitu. Mapadre wa Mill Hill, hao hao waliofungua Kisumu, Mumias na Mukumu mwanzoni mwa karne iliyopita, misheni yao ya kwanza kabisa ilikuwa Baltimore, mwaka 1871, kwa weusi waliotoka utumwani. Tawi hilo la Marekani lilijitenga mwaka 1893 likawa shirika la Wajosefiti, makao yao bado Baltimore, na siku hizi vijana wao wengi wanatoka Nigeria. Kwa hiyo kijana wa Kakamega akiingia kwao atakuwa kwa binamu. Wakati huo huo seminari za huko zilimkataa Augustus Tolton kwa rangi yake. Akasoma Roma, akapadirishwa huko 1886. Leo maaskofu wale wale wanaandika Afrika kuomba mapadre.

Mwalimu, kwa vitendo: aanze na paroko wiki hii, kisha gombera wa zamani, kisha mkurugenzi wa miito wa jimbo lenu. Baada ya hapo ndipo aandike nje. Barua ya kwanza iwe nusu ukurasa: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, umri, jimbo na paroko wake, masomo, seminari aliyokuwa na tarehe za kuingia na kutoka, deni la HELB, na kwa nini jimbo au shirika lile na si jingine. Asiombe nauli. Asiambatanishe vyeti mpaka aombwe. Mwaka wa masomo wa kule huanza Agosti. Akianza sasa, ahesabu ile ya mwaka ujao au unaofuata.

---

KatekistaLurambi

Mungu awabariki. Moja la mwisho kwa Karani_LB: alibatizwa akiwa mtoto kwenye kigango, na kigango hicho sasa ni parokia inayojitegemea. Paroko mpya anasema hana jina lake kitabuni.

---

Karani_LB

Hatakuwa nalo. Parokia mpya hufungua vitabu vyake kuanzia siku ilipoundwa. Vya nyuma vinabaki parokia mama. Aende parokia mama na mwaka wa kubatizwa, jina la kigango na jina la msimamizi. Vigango vilikuwa na kurasa zake ndani ya kitabu kimoja, kwa hiyo namba haziendi kwa mfuatano wa tarehe, na karani mwenye haraka hufungua mwaka mmoja tu akasema hayupo. Mwambie atafute pia mwaka unaofuata: padre alikuwa akibatiza kigangoni, majina yanaandikwa kwenye daftari, na kuhamishiwa kitabuni baadaye.

Na cheti kitoke hapo hapo, chenye muhuri wa parokia mama. Paroko mpya asikitie sahihi.